Tundu la Tano

Saa nane usiku, Vágur, kisiwa cha kusini.
Upepo unapiga mabati ya kiwanda
kama mtu anayedai deni lake.
Samaki wamelala kwenye barafu, wafanyakazi kwao,
nimebaki mimi, kahawa iliyopoa,
na sanduku jeupe rafuni: ukuta wa moto
usio na moto, wala si ukuta,
feni tu inayokoroma na taa nne za kijani.

Kuanzia leo huyu ndiye mwenye nyumba.
Swichi zote saba zitamsikiliza yeye:
ya ofisini, ya jikoni, mbili za ukumbi wa visu,
ya mizani, ya gatini, ya chumba cha baridi.
Kila moja inabisha hodi kwa kebo yake,
jina lajitokeza kwenye kioo, kijivu, likingoja.
Nabonyeza: Idhinisha.
Inazimika, inawaza, inawaka upya
na kukubali kulelewa.

Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilinisumbua,
programu yake kuukuu; nikailisha mpya
polepole, kama uji kwa mgonjwa.
Nikagawa mitaa: kamera mtaa wao,
mizani mtaa wake, wageni kibarazani.
Humu hakuna kuazima chumvi kwa jirani
bila kupita mbele ya mwenye nyumba
na kusema chumvi ya nini.

Ya nne, kidole kilitangulia akili.
Niliihamishia mtaa wa kamera
kebo ileile iliyobeba amri zangu.
Kioo kikanyamaza.
Nilikuwa nimekata tawi nililokalia,
tena kwa msumeno niliounoa mwenyewe.
Nikavaa koti, taa kipajini,
kebo ya buluu shingoni kama skafu,
nikavuka uwanja kwa kuinama, upepo ukinisukuma
kuniuliza nani alinituma.

Ya tano, ya sita, salama.
Ya saba haikubisha hodi.

Iko chumba cha baridi, juu ya mlango,
na ina kichwa chake tangu enzi za Hanus.
Aliipanga yeye, mwaka ule wa kwanza,
haijawahi kupokea amri ya mwingine.
Nikaichomeka kompyuta ubavuni mwake
nikasoma alichokiandika.
Matundu hayakuwa na namba. Yalikuwa na majina.
La kwanza: Rannvá, mizani, asiachwe.
La pili: Sámal, akirudi kutoka baharini.
La tatu: tupu, panya walikula.
La tisa: hapa mke wangu hupiga simu.
La tano: USIGUSE.

Hanus yuko Tvøroyri, nyumba ya wazee.
Jumapili iliyopita aliniita kwa jina la dada yake,
akaniuliza kama kondoo wameshuka mlimani.
Nikasema wameshuka.

Sharti ni moja: swichi itakayo kulelewa
kwanza isahau kila kitu.
Nikararua kipande cha boksi la samaki
nikanakili yote ishirini na nne,
kalamu ikigoma kwa baridi, nikiipulizia pumzi,
hata lile la panya.
Kisha nikachomeka pini kwenye kijitundu,
nikahesabu hadi kumi. Nilihesabu taratibu.
Taa zote zikafa pamoja.

Ikaamka mtoto. Ikabisha hodi.
Kijivu, kisha kijani.
Tundu namba moja, tundu namba mbili,
tundu namba tatu, mpaka mwisho, safi, bila mtu.

Kulikucha nikiwa ofisini, mbele ya sanduku jeupe,
vidole vikiwasha kwa kurudiwa na joto,
boksi limeegemea kikombe, likinuka chewa.
Si kazi niliyolipwa, na meneja atauliza.
Rannvá nimemrudisha. Sámal pia,
ingawa tunajua hatarudi.
Simu ya mke wa Hanus iko pale pale, la tisa.

Na la tano nimeandika: USIGUSE.
Taa yake inapepesa. Kuna kitu upande wa pili.
Sijui ni nini.
Sijagusa.